Kaka Anataka Raba, Fundi Anataka Chuma: Nifanyeje na Shafti za Elan Yetu?

Mshauri, shikamoo.

Naleta jambo ambalo wengi wataliona dogo, ila nyumbani kwetu limefika mahali ambapo mimi na kaka yangu tunaongea yote isipokuwa hilo.

Tuna gari la pamoja, Lotus Elan ya mfululizo wa nne, lile gari dogo la michezo la Kiingereza. Tulilinunua likiwa chesisi, bodi ya faiba na makasha ya spea ambayo hayakuwa na mpangilio wowote, tukalijenga wenyewe kwa miaka. Kaka alifunga injini na giaboksi. Mimi nilishika nyaya, breki na sehemu yote ya nyuma. Ndiyo maana shida hii imeniangukia mimi.

Shida iko kwenye zile shafti mbili zinazotoa nguvu kwenye difu (kasha la gia linalogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma) kwenda magurudumu hayo. Elan ilitoka kiwandani na raba za Rotoflex, yaani jointi za duara za raba zinazounganisha shafti, mbili kila upande. Nikiachia klachi kwenye gia ya kwanza, hasa penye kilima au kwenye foleni, gari linaanza kurukaruka: linasogea, linasita, linasogea tena kwa nguvu zaidi. Mke wangu alijaribu kuliendesha, akalizima katikati ya barabara mbele ya watu, tangu siku hiyo hataki kushika usukani wake. Kaka yeye analiondoa taratibu kabisa, wala huoni kitu. Anasema tatizo ni mguu wangu.

Sasa, juzi nilikuwa chini ya gari na tochi. Kwenye raba ya ndani ya kushoto nikaona ufa, si pale juu, bali pale raba inaposhikana na bomba la chuma linalopitisha bolti. Nikibonyeza kwa bisibisi, ufa unafunguka. Nikampigia fundi wetu. Alisema tutoe raba zote nne, tuweke shafti zenye jointi za CV, yaani jointi za chuma zinazozungusha kwa mwendo sawa hata shafti ikipinda, tusahau habari hiyo. Mwenzake wa gereji hiyohiyo akapinga: tuweke za krosi (jointi ya chuma yenye umbo la msalaba) zenye splaini ya kuteleza (meno marefu yanayoiruhusu shafti irefuke na kufupika), kwa sababu krosi inabadilishwa popote na fundi yeyote.

Nilipomweleza kaka, alikunja uso. Alisema ukitoa raba hiyo si Elan tena, na kwamba kama nataka gari lisilorukaruka ninunue la kisasa. Maneno yale yaliniuma, kwa sababu mikono yangu imo kwenye gari lile kama yake.

Tumeshapanga safari ndefu ya milimani, sisi wawili na gari. Naogopa shafti ikatike tukiwa kwenye kona. Naogopa pia kubadilisha halafu kaka aone nimemdharau. Yeye ni mkubwa wangu, amenilea. Niambie, jointi ipi ndiyo sahihi? Na nitaanzaje kuongea naye?

Mdogo Mtu, Njia Panda

* * *

Marahaba, mdogo wangu. Ahsante kwa barua yako, na zaidi kwa kuingia chini ya gari na tochi. Wengi hungoja mpaka waisikie raba ikikatika.

Naomba nianze na ule ufa. Raba ya zamani huwa na mistari midogo ya juujuu ambayo inaweza kukaa muda mrefu bila madhara makubwa. Ufa unaouelezea ni mwingine: raba inaachana na chuma chake. Raba ya namna hiyo haina tena wa kuitetea, iwe ni wewe, kaka au fundi. Ikiachia, shafti inabaki ikizunguka huku mwisho mmoja umelegea, inapiga kila kilicho karibu, na karibu yake kuna chesisi, bodi ya faiba na mabomba ya breki. Kwa hiyo gari lisitembee mpaka raba ile itoke. Hilo naamini hata kaka yako atalikubali leo jioni, na ni vizuri mkianza na jambo mnalokubaliana.

Kinachobaki ndicho kinachowatenganisha: iwekwe nini mahali pake. Nikikusoma vizuri, unataka gari linaloondoka bila aibu na linalokufikisha milimani na kukurudisha. Kaka anataka gari lilivyokusudiwa na waliolibuni. Mafundi wako wawili kila mmoja anataka kitu anachojua kukitengeneza. Wote mna haki. Ila kuna mambo mmeyachukua kama yalivyo bila kuyauliza, nami naomba tuyaulize pamoja.

La kwanza ni kwamba kurukaruka kote ni kosa la raba. Sehemu kubwa ni kweli. Ukiwa gia ya kwanza, nguvu ya injini huzidishwa na giaboksi na difu mara kumi hivi kabla ya kufika kwenye shafti. Raba nne zinajisokota kama nguo inayokamuliwa, zinahifadhi ile nguvu, halafu zinairudisha kwa mkupuo. Gari likisogea kwa mkupuo, mwili wako unarudi nyuma, mguu unalegea kwenye ekseleta. Likisita, mwili unakwenda mbele, mguu unakanyaga. Bila kukusudia unakuwa unaichochea. Kaka yako hakosei anaposema mguu unahusika, ingawa angeweza kulisema kwa upole zaidi. Mguu wake umejifunza kutulia. Wa mkeo haujapata nafasi ya kujifunza, na sidhani kama anastahili kulaumiwa.

Lakini raba hazifanyi kazi peke yake. Kabureta zisizolingana, mchanganyiko mwembamba wa mafuta kwenye mzunguko wa chini, kebo ya ekseleta inayonata, mauntingi (viegemeo vya raba) za injini au za difu zilizochoka, klachi inayoshika ghafla: kimojawapo kikiwepo, raba hulikuza tatizo. Umetaja kwamba injini alifunga kaka na nyuma ulifunga wewe. Je, mmewahi kukaa siku moja mkakagua mnyororo wote, kuanzia kanyagio hadi gurudumu, bila kugawana nani alifunga nini? Nimeona magari yaliyotolewa raba nzima kabisa, shafti mpya zikafungwa, na mshtuko ukabaki kwa sababu mauntingi za difu zilikuwa zimekwisha.

Na raba zenyewe, ni za lini? Raba iliyochoka hujisokota zaidi kuliko mpya. Iliyokaa kwenye kasha la spea miaka mingi nayo imezeeka, hata kama haijawahi kufungwa. Inawezekana hujawahi kuendesha Elan yenye raba nzuri, na kama ni hivyo, unapima kitu ambacho hukijui bado.

La pili ni kwamba raba iliwekwa kwa kubahatisha, kwamba ni udhaifu wa zamani unaongoja kurekebishwa. Elan ilipotoka mwaka 1962, Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, na wenzake walikuwa na gari jepesi lisilofika kilo 700, chesisi ya uti wa mgongo, na nyuma kila gurudumu limeshikwa na mkono mpana wa chini na nguzo ya shokapu inayosimama. Gurudumu likipanda na kushuka, shafti lazima ibadili pembe na pia urefu. Rotoflex ilifanya yote mawili kwa kipande kimoja, tena bila grisi, bila buti (mfuko wa raba unaozuia grisi isitoke) la kuchanika, bila splaini. Na juu ya hapo ililainisha kila kishindo kabla hakijafika kwenye meno ya difu na ya giaboksi. Hiyo kazi ya mwisho ndiyo inayosahaulika mtu anaposema "tutoe raba". Kishindo kitaendelea kuwepo, ila sasa kitapokelewa na klachi, giaboksi, difu na mauntingi zake. Je, hivyo vyote viko tayari? Difu yenu ilifunguliwa lini mara ya mwisho?

Baada ya kusema hayo, tupite kwenye njia zako.

Raba mpya. Ukienda huku, kaka atafurahi, lakini usikubali ziwe za bei rahisi wala zisizojulikana zimetoka wapi, kwa maana siku hizi zinatofautiana sana kwa kudumu. Raba nzuri huja imebanwa na mkanda wa chuma kuizunguka. Mkanda huo una sababu. Rotoflex ina vipande sita vya raba kati ya mabomba sita. Bolti tatu zinashika upande mmoja wa shafti na tatu upande wa pili. Ukikanyaga mafuta, vipande vitatu vinabanwa na vitatu vinavutwa, na raba huvumilia kubanwa kuliko kuvutwa. Kwa kuifunga ikiwa tayari imebanwa, unaipunguzia kuvutwa. Kwa hiyo funga bolti zote kwanza, kaza, halafu ndipo ukate mkanda. Fundi anayeukata kwanza kisha akahangaika kulinganisha matundu kwa nyundo na bisibisi anaanza kuichana kabla gari halijatoka gereji. Wakati wa kukaza pia, shika raba isisokotwe na spana: zungusha ule upande ulio kwenye chuma cha flenji (bamba ambalo shafti hufungwa kwa bolti), mwingine uutulize.

Hatari ya njia hii unaijua. Raba ni kitu cha kukaguliwa mara kwa mara na kubadilishwa kabla ya kufa, na oili inayovuja kwenye difu itaiua mapema. Kabla ya kila safari ndefu inua gari, magurudumu yaning'inie, raba zivutike, upitishe tochi kwenye kila bomba kama ulivyofanya juzi. Kuna waendeshaji ambao kwao huo ni mzigo, na kuna ambao wanaupenda. Wewe uko upande gani? Sikuulizi ili nikufundishe. Nauliza kwa sababu jibu lako hapo lina uzito kuliko jibu la fundi.

Jointi za CV. Hapa naelewa kwa nini fundi wako amezitaja kwanza. Ndani yake kuna mipira ya chuma, kwa kawaida sita, inayoshikiliwa na kizimba kwenye mifereji yake, na imepangwa ili pembe ya shafti isibadili mwendo wa mzunguko. Wazo hilo la mhandisi Alfred Rzeppa ni la miaka ya 1920, na Mini ya mwaka 1959 ilionyesha kwamba linaweza kubebwa na gari dogo la watu wote. Kwenye Elan huondoa kule kujisokota karibu kabisa. Gari linaondoka moja kwa moja, na mkeo huenda akarudi kwenye usukani.

Lakini mwulize fundi maswali matatu kabla hajaagiza chochote. Moja, seti anayoitaka inafungwa kwenye flenji zilezile za asili, au inadai mbadilishe na shafti fupi za difu na za habu (kitovu cha gurudumu)? Inayofungwa kwenye za asili mnaweza kuitoa kesho mkarudisha raba, na hilo litabadilisha kabisa mazungumzo yako na kaka. Pili, ni jointi gani inayoteleza ili kufidia urefu, na ina nafasi kiasi gani? Tatu, ameipima kwenye gari lenyewe? Kipimo hiki usikiruke. Toa springi, funga shafti, pandisha gurudumu mpaka mwisho wa juu na lishushe mpaka mwisho wa chini, huku ukilizungusha kwa mkono. Lisikwame popote, na jointi isifike mwisho wa kuteleza kwake upande wowote. Ikifika mwisho, kila shimo la barabara litaisukuma shafti kwenye beringi za difu. Gurudumu likishuka mno pembe inapita uwezo wa jointi, na hapo shokapu au mkanda wa kuzuia ndio utakaoamua iishie wapi.

Kisha kuna kelele. Utaanza kusikia meno ya difu na mlio wa giaboksi ambao raba zilikuwa zikiumeza. Wapo wanaorudi wakisema gari limekuwa kali na safi. Wapo wanaosema limekuwa gumu. Na buti likichanika, mchanga ukaingia kwenye grisi, jointi huisha, ingawa mara nyingi itakulalamikia kwanza kwa mtikisiko au mlio.

Krosi na splaini. Mwenzake fundi ana hoja: krosi ni ya kueleweka, ina kichuchu cha kujazia grisi, inabadilishwa kwa jiliwa na subira. Triumph TR6 ilitembea nazo maisha yake yote. Ila wenye TR6 wanakijua kitu ambacho yeye hakukwambia. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu kwenye kona, meno ya splaini yanabanana yanakataa kuteleza, gurudumu linakosa uhuru wa kupanda na kushuka, halafu ghafla yanaachia na mkia wa gari unashtuka. Kwenye safari ya milimani, hilo nakuomba ulifikirie. Pia krosi moja ikiwa kwenye pembe haizungushi kwa mwendo sawa: kwenye digrii 10 mwendo unapanda na kushuka kwa asilimia 1.5 hivi, mara mbili kila mzunguko, na kwenye digrii 20 unafika asilimia 6. Krosi ya pili hufuta kosa hilo endapo pembe zinalingana na uma za ncha mbili za shafti zimelala sambamba. Ukiiunganisha splaini ikiwa imeruka jino, utautafuta mtikisiko kwenye tairi na rimu kwa wiki nzima na hutaupata. Utasikia pia watu wakitaja Jaguar E-Type kuthibitisha kwamba krosi zinatosha. Kule shafti yenyewe ni mkono wa juu wa kushika gurudumu, urefu wake haubadiliki, haihitaji kuteleza. Mfano huo hauihusu Elan.

Iko njia ambayo hakuna kati yenu aliyeitaja: raba upande mmoja wa shafti na jointi ya chuma upande wa pili. Si uzushi wa gereji. Hillman Imp ya mwaka 1963 ilikuwa na raba ndani na krosi nje, na Triumph GT6 Mk2 ya mwaka 1968 ilikuwa na krosi ndani na raba nje. Kujisokota kunapungua karibu nusu, na ulaini kidogo unabaki kwa ajili ya difu. Lakini raba moja sasa inabeba peke yake mabadiliko ya pembe na urefu yaliyokuwa yakigawanywa na mbili, kwa hiyo kipimo kile cha kutoa springi ni cha lazima, na ukaguzi wa tochi unabaki palepale. Njia ya kati nayo ina gharama zake.

Sasa kuhusu kaka.

Umesema alikunja uso, na maneno yake yalikuuma. Nayaelewa. Naomba tu ujiulize kama kweli alikuwa akizungumzia uasilia. Mtu aliyekulea, mkajenga naye gari kuanzia makasha ya spea, anasikia kwamba fundi wa nje ameshaamua nini kitolewe. Inawezekana alichosikia hapo ni kwamba uamuzi umefanyika bila yeye. Au pengine kweli anajali raba ile, kwa sababu anaamini gari la zamani ni mazungumzo na watu waliolibuni, na kila kipande kinachotolewa ni neno linalofutwa. Hizo ni sababu mbili tofauti na kila moja ina majibu yake. Hutaijua ipi ni yake mpaka umuulize, tena si mbele ya fundi.

Umeuliza utaanzaje. Usianze na CV. Anza na ufa. Mwambie, "Kaka, naomba uje uone kitu," mpe tochi, mpe bisibisi, mwache abonyeze mwenyewe kama ulivyobonyeza wewe. Halafu mwulize angependa gari hili liweje baada ya miaka ishirini, na nani atakuwa akiliendesha. Mwambie pia habari ya mke wako. Barua yako imeligusa kwa sentensi moja tu, ila mimi naliona lina uzito: kwenye familia kuna mtu ambaye gari lile limemfungia mlango. Kaka anayekupenda hatalipuuza hilo, hata kama mwishowe atasema dawa ni kumfundisha shemeji yake namna ya kuachia klachi.

Heshima kwa mkubwa haimaanishi unyamaze. Nyuma ya gari ulijenga wewe, na wewe ndiye uliyeuona ufa. Una haki ya kusema, "Mimi naogopa kwenda milimani hivi," na kulisema bila kulizungusha. Naye ana haki ya kukataa njia fulani. Kubadilisha kimyakimya ndiyo njia pekee ambayo sioni mnavyotoka salama. Atajua siku ya kwanza atakapoachia klachi, na hapo hamtakuwa mnazungumzia jointi tena.

Kama muda wa safari ni mfupi, mnaweza kufunga raba mpya nne kwa sasa, mkarekebisha kabureta na mauntingi, mkaenda, na kupeana zamu za usukani kwa makusudi ili kila mmoja ahisi anachokihisi mwenzake. Au mkaahirisha safari na kupima seti ya CV kwa utulivu, raba za zamani na bolti zake zikihifadhiwa kwenye kasha lenye jina. Kama mna nia ya kushindana kwenye mbio za magari ya kihistoria, someni kanuni kwanza, maana kwa kawaida zinadai gari libaki lilivyokuwa enzi zake, na huenda zikawaamulia. Lolote mtakalochagua, lifanyeni nyote wawili mkiwa chini ya gari lile, yeye upande wa kushoto, wewe wa kulia.

Ukishatoa springi na kupima safari ya gurudumu, niandikie namba mlizopata na alichosema kaka. Niambie pia difu ikoje mkiifungua, maana hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko shafti.